Tamko la Marafiki wa Maktaba ya Jamii, Uluguru, Kuhusu Uchangishaji wa Fedha za Vitabu vya Lugha za Kigeni

Sisi wanachama wa chama cha marafiki wa maktaba ya jamii iliyopo kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, tumekutana katika mkutano mkuu na kujadili hali ya rafu zetu. Tunatoa tamko hili kwa wazazi, walimu, viongozi wa vijiji na kata, wana Morogoro walio mbali na nyumbani, na wahisani wote wa vitabu.

Tumeazimia kuchangisha fedha za kununua vitabu vya lugha za kigeni, tukianza na Kiingereza, kisha Kifaransa na Kiarabu. Tumeazimia pia kwamba vitabu hivyo tutavichagua wenyewe. Azimio hili la pili ndilo lililojadiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Hali ilivyo

Watoto wengi wa huku husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakifika Kidato cha Kwanza hukuta fizikia na jiografia zikifundishwa kwa Kiingereza. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka somo la Kiingereza tangu Darasa la Kwanza. Ni hatua njema, lakini vipindi vya darasani havimjengi mtoto asiye na kitabu cha kusoma akishatoka shule. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inayotegemewa na wanafunzi kwenye maktaba yetu inaanzia herufi D. Kurasa za A hadi C zimeng'oka kwa kufunuliwafunuliwa. Anayetafuta neno la biolojia linaloanza na B humwuliza mwenzake, na mwenzake naye hubahatisha.

Wenye shida hii si wanafunzi peke yao. Wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kuwaongoza wageni kwenda maeneo ya Choma na Morningside. Misitu ya milima hii ina ndege, Malaconotus alius kwa jina la kisayansi, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Uluguru. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, vijana hao wamezoea kukiona mikononi mwa wageni tu.

Hata habari zetu wenyewe zimeandikwa kwa lugha za wengine. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya lazima ya serikali ya kikoloni. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kuhusu mgogoro huo, kikachapishwa mwaka 1960 kwa Kiingereza. Mwaka 1999 Peter Pels alichapisha kitabu, nacho kwa Kiingereza, kuhusu Waluguru na wamisionari. Utafiti wa Jean-Luc Paul juu ya koo zetu zinazofuata upande wa mama ulitoka mwaka 2003 kwa Kifaransa. Kwenye rafu zetu hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Hoja ya Kiswahili

Baadhi ya wanachama waliuliza: Kiswahili kimetengewa na UNESCO siku yake, Julai 7, sisi tunachangia lugha za watu? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba fungu la vitabu vya Kiswahili halitaguswa. Zaidi ya hapo, kila atakayeazima kitabu kinachohusu milima hii ataombwa kuwasimulia wenzake kwa Kiswahili aliyoyasoma, katika vikao vya wasomaji vya Jumamosi, na muhtasari wake utahifadhiwa maktabani. Kwa njia hiyo, kisichosomeka na wengi kitawafikia.

Kuhusu vitabu vya msaada

Tunawashukuru wote waliowahi kutuletea maboksi. Hata hivyo, shehena isiyochaguliwa nayo ina gharama zake: nauli, nafasi ya rafu na muda wa mkutubi. Tumefungua boksi tukakuta miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kuachwa na vitabu vya kodi za nchi nyingine. Wapo wanaofanya vizuri. Book Aid International ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1954, hutuma vitabu vipya. Kuanzia sasa, mwenye nia ya kutupatia vitabu atutumie orodha kwanza. Tutachagua vinavyotufaa na kumweleza ukweli kuhusu visivyotufaa.

Kwa hiyo, tunatamka kwamba:

1. Kila mchango utakatiwa risiti na kupelekwa benki. Michango ya simu itapitia namba ya malipo ya chama, si ya mtu binafsi. Hakuna fedha itakayotolewa bila saini za watu watatu, na mapato na matumizi yatabandikwa mlangoni kila mwezi.

2. Uchaguzi wa vitabu utafanywa na kamati yenye mwalimu, mwanafunzi, mkulima, kijana mwongoza wageni na mkutubi. Kamusi na hadithi nyepesi zitatangulia, zifuate vitabu vya sayansi vya sekondari, kisha vinavyoihusu Uluguru.

3. Tutanunua kwanza kwa wauzaji wa Tanzania na Afrika Mashariki. Kisichopatikana huku ndicho kitakachoagizwa nje.

4. Mchango ni wa hiari. Hakuna mtoto atakayezuiwa kusoma kwa sababu mzazi wake hakuchangia.

Tunaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, yenye dhamana chini ya sheria ya mwaka 1975, itupe ushauri wa kitaalamu na mafunzo kwa mkutubi wetu. Tunaiomba halmashauri itutengee fungu katika bajeti yake, hata likiwa dogo, mradi lisikose mwaka hadi mwaka. Tunaomba Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1991, pamoja na Chuo Kikuu Mzumbe, tuweke utaratibu wa kuazimana, ili mkulima wa iliki au karafuu asiteketeze nauli ya kwenda mjini na kurudi kwa ajili ya sura moja ya kitabu.

Mwisho, tunawageukia watafiti. Mnapanda milima hii kila mwaka, mnapokelewa, mnaelezwa habari za ardhi, koo na misitu. Tunawaomba viongozi wa vijiji wamkumbushe kila mtafiti anayeripoti kwao kwamba kazi yake ikikamilika, nakala moja iletwe maktabani, kwa lugha yoyote iliyoandikiwa. Sisi tutatafuta wa kuisoma.

Limetolewa Morogoro na Kamati Tendaji, kwa niaba ya Mkutano Mkuu wa Wanachama.