Tahariri: Mwanamke akipata kiti, maji yanafika kijijini

Tangu Judith Suminwa Tuluka ateuliwe kuwa Waziri mkuu tarehe 1 Aprili 2024, kila mara swali la usawa kati ya wanawake na wanaume linapoulizwa hapa kwetu, jibu liko tayari: si mnaona mwanamke ndiye anaongoza serikali? Na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini mama wa Goma anayeamka saa kumi za usiku kwenda kuchota maji ziwani, bidoni ya lita 20 mgongoni, anataka kujua jambo lingine. Nani anaamua, kwenye komini yake, kama pesa ya mwaka huu itajenga robine au itanunua motokari ya wakubwa?

Kuna mtaalamu aliyelishughulikia swali hilo kwa kulipima, si kwa hotuba za tarehe 8 Machi. Esther Duflo, mwanauchumi aliyezaliwa Paris mwaka 1972 na kufundisha miaka mingi kwenye chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Michael Kremer. Alikuwa mwanamke wa pili kuipata, baada ya Elinor Ostrom mwaka 2009. Watu wengi wanamjua kwa utafiti wake juu ya umaskini. Kazi yake kuhusu wanawake na siasa inajulikana kidogo zaidi, nayo ndiyo inayotuhusu sisi.

Ilifanyika India. Mwaka 1993 nchi ile iliweka katika katiba yake kwamba theluthi moja ya viti vya halmashauri za vijiji, na theluthi moja ya nafasi za wenyekiti wa halmashauri hizo, ni za wanawake peke yao. Nafasi za mwenyekiti zinazunguka: uchaguzi huu ni zamu ya vijiji hivi, uchaguzi unaofuata ni zamu ya vingine. Na zamu hizo zilipangwa kwa utaratibu unaofanana na kura ya bahati. Hilo ndilo lililompa Duflo na mwenzake Raghabendra Chattopadhyay nafasi adimu. Kama kijiji kingejichagulia mwanamke chenyewe, tungesema labda kilikuwa tayari kimeendelea. Hapa hapana. Vijiji vilifanana, tofauti ikawa tu nani amekalia kiti.

Walichunguza halmashauri 265 katika majimbo ya West Bengal na Rajasthan, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Kwanza waliangalia raia wanalalamikia nini. Katika majimbo yote mawili, wanawake walilalamikia zaidi maji ya kunywa, kwani wao ndio wanaoyachota. Kisha wakaangalia pesa ilikwenda wapi. Palipokuwa na mwenyekiti mwanamke, maji yalipata zaidi. Barabara zilitegemea jimbo. West Bengal, ambako wanawake walikuwa wanapata kibarua kwenye kazi za barabara, viongozi wanawake walizitengeneza zaidi. Rajasthan, ambako barabara ilikuwa shida ya wanaume wanaosafiri kutafuta kazi, wanawake walizipunguzia.

Ninapenda ukweli wa matokeo hayo, kwani hayamfanyi mwanamke kuwa malaika. Barabara za Rajasthan zilipoteza. Anayesema mwanamke ni mama wa wote na atapendelea wote sawasawa, anasema maneno ya kampeni. Kiongozi, mwanaume au mwanamke, anaona kwanza shida anayoijua mwilini mwake. Basi kama wanaoamua ni wanaume karibu wote, shida za nusu ya raia zitabaki mwisho wa orodha, hata kama kila mmoja wao ana moyo mzuri.

Kuna sehemu inayouma zaidi. Duflo na Petia Topalova waliuliza wanakijiji kama wanaridhika na viongozi wao. Wale wenye kiongozi mwanamke waliridhika kidogo kuliko wengine, hata pale ambapo pampu za maji zilikuwa nyingi na zilitunzwa vizuri. Kazi imefanyika, shukrani hakuna. Lakini muda ulipita. Utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2009, ulionyesha kwamba pale ambapo zamu ya mwanamke ilikuwa imefika mara mbili, wanawake wengi zaidi walisimama na kushinda hata kwenye viti visivyotengwa. Watu walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao. Na mwaka 2012 timu hiyo ilionyesha kwamba katika vijiji hivyo wazazi walianza kuwatakia mabinti wao masomo na kazi karibu na vile wanavyowatakia wavulana.

Sasa turudi kwetu. Kwa maandishi, Kongo si maskini. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinasema juu ya usawa. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 iliongeza jinsi ya kuutekeleza. Mwaka 2016 sheria ya familia ilirekebishwa, na mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake kwa mambo ya kisheria. Lakini sheria ya uchaguzi, tangu 2006, iliweka kwamba orodha isiyo na usawa haiwezi kukataliwa kwa sababu hiyo. Yaani amri bila fimbo.

Mwaka 2022 wabunge walijaribu njia nyingine: orodha yenye angalau nusu ya wanawake isamehewe pesa ya dhamana. Wazo zuri, lakini tazama kura yetu inavyohesabiwa. Raia anachagua jina moja ndani ya orodha. Kura za wote kwenye orodha zinajumlishwa kukipa chama kiti, na kiti kinakwenda kwa mwenye kura nyingi zaidi. Chama kinaweza kuandika wamama wengi, kisiwape hata faranga moja ya kampeni, kikasamehewa dhamana, kikachukua kura ambazo jamaa zao na wenzao wa likelemba wamewapigia, halafu bwana mwenye jipu na mabango akaenda Kinshasa. Wamama wamekuwa ngazi. Leo wanawake hawafiki hata robo ya Bunge la taifa, na sioni kwa njia hiyo watafikaje.

Wengine watasema mila zetu hazikubali. Lakini Luhwindja, katika Mwenga, kwenye dhahabu ya Twangiza, mwamikazi amewahi kuongoza sheferi, na milima haikuanguka. Wengine watasema kuna vita: Masisi na Rutshuru hazikupiga kura mwaka 2023, na Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwanzo wa 2025. Kweli. Lakini vita ndiyo imeonyesha nani anabeba familia. Ni wamama wa mashamba, wa soko, wa biashara ndogo ya mpakani. Siku ya kujenga upya, wataitwa tena kupika kwenye mikutano?

Tunachopendekeza ni kidogo na kinaeleweka. Kabla ya uchaguzi unaotarajiwa 2028, Bunge litenge kwa sheria sehemu ya viti vya madiwani, na sehemu ya nafasi za wakuu wa komini na wa sekta, kwa wanawake, kwa zamu inayopangwa hadharani. Tuanzie chini, si juu. Madiwani wa komini walichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023, mara ya kwanza chini ya Katiba hii, na kwenye komini chache tu. Mahali pengi hakuna diwani anayeogopa kupoteza kiti chake, na pale ndipo pa kuanzia kirahisi. Na zamu ipangwe kwa kura ya bahati, mbele ya watu, ili vyama visichague wenyewe komini ambazo hazina pesa na kuwaachia wanawake hizo.