Mikanda tulifunga sote, mbona Tanga ndiyo ilivunjika kiuno?



Mwaka 1979, vita ya Kagera ilipokwisha, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki pale pale. Tangu hapo kila uchumi unapoyumba wakubwa hulitoa neno hilo hilo kabatini, hulipangusa vumbi na kututupia sote kwa pamoja, mtu wa Muheza na mtu wa Marangu, mchuma karafuu wa Wete na mwenye hoteli wa Nungwi, kana kwamba sote tuna kiuno kimoja. Mimi nasema hatuna, na anayetaka ushahidi autazame mkoa huu wa Tanga.

Sikuwepo miaka ile. Nimezaliwa mitumba ikiwa imeshajaa Ngamiani. Lakini kaa na wazee wa huku Amani jioni moja tu, utasimuliwa yote. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa 1983. Mafuta yakapanda bei, vita ikala fedha za kigeni, sabuni na sukari vikawa vya foleni. Mwaka 1983 wakasakwa walioitwa wahujumu uchumi. Mwaka 1986 Serikali ikaafikiana na IMF, na shilingi ikazidi kuporomoka. Dawa ilikuwa moja kwa mikoa yote. Wagonjwa ndio hawakuwa sawa.

Tanga iliingia katika ukata huo ikiwa na jina kubwa. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na miche hiyo nchi yetu ikawa ya kwanza duniani, na mwaka 1964 ilizalisha tani zipatazo 230,000, sehemu kubwa ikitoka mkoa huu. Reli, bandari, umeme wa Hale, vyote vilikuwa na harufu ya mkonge. Kisha wenzetu wa ng'ambo wakagundua kamba za plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967 Serikali ikataifisha mashamba mengi, ikayakabidhi kwa shirika la umma, na mambo ya mashirika yetu ya umma msomaji unayajua, sina haja ya kukuchosha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Yaani kati ya kila tani kumi na moja, kumi zilikuwa zimetoweka.

Sasa hapa ndipo penye utata, na ndipo wataalamu wetu wanaposimulia nusu ya hadithi. Wanasema Tanga ilianguka kwa sababu mkonge ulianguka. Sawa. Lakini kahawa nayo haikuanguka? Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikashuka mpaka watu wa Kilimanjaro wakaiacha mibuni bila dawa. Vyama vyao vya ushirika Serikali ilikuwa imeshavifuta mwaka 1976. Kama ni kuporomoka kwa zao tu, basi Moshi na Korogwe zingelala njaa sawasawa.

Hazikulala sawa. Mtu wa Marangu alipoamka asubuhi kahawa haina bei, alikuwa bado yuko katika kihamba chake. Chini ya mbuni kuna mgomba, kando ya mgomba kuna ng'ombe zizini, na kihamba hicho ni cha baba yake na babu yake. Alikula ndizi, akauza maziwa, akamtuma kijana mmoja akafanye biashara Arusha au Dar es Salaam. KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa imeshasomesha watoto wao, na elimu ya mtu haifutwi kwa tangazo la Serikali. Tusidanganyane, waliumia. Lakini waliumia wakiwa wamesimama.

Na mtu wa shamba la mkonge je? Huyo ni mtoto au mjukuu wa manamba. Babu yake aliletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ya kuwakusanya ilifanywa na shirika la wenye mashamba lililoitwa SILABU. Akapewa namba, akapewa chumba kambini, akapewa kadi ya kazi. Ardhi hakupewa. Nyumba ya shamba, zahanati ya shamba, hata maji ya shamba. Mshahara ulipokatika, hakukatikiwa mshahara peke yake, alikatikiwa kila kitu siku hiyo hiyo. Amezungukwa na maelfu ya ekari za pori lililokuwa mkonge, na akilima humo mahindi anaitwa mvamizi!

Huku kwetu Amani tuliona kwa macho tofauti hiyo ndani ya wilaya moja. Muheza chini kulikuwa na mkonge. Huku juu milimani mwanakijiji alikuwa na iliki yake chini ya miti mikubwa, mdalasini, karafuu, pilipili manga na migomba. Miaka ile migumu iliki ndiyo iliyolipa karo na kuezeka mabati. Jirani yake katika mashamba ya chai, ambaye wazee wake walitoka mbali kuja kuchuma, alikuwa anategemea mshahara kama manamba wa bondeni, na mpaka leo chai ikiyumba ndiye wa kwanza kukopa unga dukani. Na wale wa bondeni waliobahatika kuwa na vipande vyao nje ya mashamba makubwa walipanda michungwa. Leo msimu ukifika malori ya Wakenya yanapanga foleni Muheza. Hakuna mpango wa miaka mitano uliowaambia wapande.

Lakini ngao hiyo nayo inaweza kunyang'anywa. Msitu wa Derema ulipotengwa kwa ajili ya hifadhi, wakulima zaidi ya elfu moja waliondolewa katika iliki yao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fidia ilikuja, baada ya kusubiri miaka. Sibishani na vyura na ndege wa Usambara, na najua iliki ikizidi msitu unakwisha. Nauliza tu, fidia ikishaliwa, ukata mwingine ukija, familia ile itashika nini?

Wapo watakaosema naandika kwa wivu wa bara, basi tuvuke maji. Zanzibar iliishi kwa karafuu, na mteja mkubwa alikuwa Indonesia, anayeitia katika sigara zake. Indonesia ilipopanda yake ya kutosha, katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Visiwa viwili, Serikali moja, zao moja. Unguja ikafungua hoteli. Pemba, ambako ndiko zilikokuwa karafuu nyingi, haikupata hoteli za kuhesabika, na mkulima akaendelea kulazimishwa kuliuzia shirika la Serikali kwa bei iliyopangwa na Serikali. Vijana wakapanda majahazi kuja Tanga na Mombasa. Halafu watu wakashangaa kwa nini mwaka 1995 Pemba iliipa CUF majimbo yote 21!

Na Unguja nayo isitambe. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki tano. Ilipokuja korona, mwaka 2020 wakashuka hadi kama laki mbili na sitini elfu. Mpishi wa Nungwi aliyeuza shamba la baba yake ili hoteli ijengwe alijikuta ndiye manamba mpya, ila huyu ana shati jeupe.

Ndiyo maana nikisikia shangwe za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani hapa Tanga, napiga makofi kwa mkono mmoja. Kazi ya kuchimba mtaro ina mwisho wake. Bomba likishafukiwa halihitaji vibarua, linahitaji walinzi. Tulishawahi kuwa mkoa wa kitu kimoja kinachomilikiwa na watu wa mbali, na mwisho wake tumeuona.

Kuna dalili njema, nisije nikaonekana wa kulaumu tu. Tangu mwaka 1999 wakulima wadogo wa Korogwe wamekuwa wakipewa vipande vya mkonge ndani ya mashamba ya Hale, Magoma, Mwelya, Ngombezi na Magunga, na sasa wana vyama vyao. Hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa zimefutwa. Lakini kufuta hati ni nusu ya kazi. Ardhi iliyofutiwa hati imekwenda kwa nani? Kwa mjukuu wa manamba anayelala katika kambi ile ile, au kwa kigogo mwenye gari la vioo vyeusi aliyekuja na ramani mpya?

Wewe unayenisoma Muheza, Korogwe, Pangani, mheshimiwa mbunge wako atakapokuja na khanga na fulana, usimuulize habari za Hoima. Mwambie asome hadharani orodha ya mashamba yote yaliyofutiwa hati katika wilaya yako, ekari ngapi, kagawiwa nani na lini, jina kwa jina. Akisema hana orodha hiyo, mwambie ofisi ya ardhi ya wilaya haiko mbali, sisi tutamsubiri hapo hapo uwanjani.