Baleghe Si Rushdi: Ubongo wa Kijana na Hatari ya Vilevi



Mara nyingi huwasikia wazazi wakisema juu ya mtoto wa miaka 15: “Huyu sasa ni mtu mzima, anajua zuri na baya.” Kimo chake kimempita mama yake, sauti imekuwa nzito, na sala na saumu zimekwisha kumlazimu. Lakini sheria yetu haikuchanganya baleghe na rushdi, yaani upevu wa akili. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameagizwa wasiwakabidhi mali zao, hata wafikapo umri wa kuoa, mpaka wauone upevu huo kwao. Imam Abu Hanifa aliona kuwa aliyebaleghe bila rushdi aweza kuzuiliwa mali yake hadi atimize miaka 25.

Wataalamu wa ubongo nao wanatueleza kwamba ubongo huendelea kujengeka hadi kuelekea umri huo, na haukomai wote kwa pamoja. Sehemu za hamu na hisia kali hutangulia. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuizuia nafsi, hukomaa mwisho. Kijana huwa kama jahazi lililokwisha kutweka tanga ilhali usukani wake bado unaundwa.

Katika miaka hiyo, njia za ubongo zinazotumika mara kwa mara huimarishwa, na zisizotumika hupunguzwa. Ndiyo sababu kinachohifadhiwa chuoni utotoni hukaa kifuani hadi uzeeni. Basi tuzingatie: wepesi huo huo wa kujifunza ndio unaoufanya ubongo wa kijana ujifunze uraibu upesi. Nikotini ya sigara hufika ubongoni kwa sekunde chache na kuamsha dopamini, kemikali inayouambia ubongo, “hili lirudie.” Likirudiwa sana, ubongo hupunguza mwitikio wake. Chakula, mchezo na masomo hupoteza ladha, na kijana hutafuta moshi ili tu ajihisi sawa. Bangi nayo hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na anayeivuta kwa wingi tangu ujanani huongezewa hatari ya maradhi ya akili.

Umri wa kuanza una uzito mkubwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kuwa kati ya watu walioanza pombe kabla ya miaka 15, takriban 40 katika kila 100 walikuja kuwa watumwa wake. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa takriban 10.

Wapo wazazi wanaoidhania shisha kuwa ni mvuke wa matunda tu. Shisha ya tumbaku ina nikotini, na Shirika la Afya Duniani limeonya kuwa kikao kimoja cha saa nzima chaweza kumvutisha mtu moshi mwingi kuliko sigara nyingi. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, na Kenya mwaka 2017. Lakini marufuku ya serikali haiwezi kuuliza, “Ulikuwa wapi baada ya Isha?” Hilo ni letu.

Tuzungumze na watoto mapema, kabla ya rafiki kuwatangulia kuzungumza nao. Tuwajue wenzao. Tutazame mabadiliko ya usingizi, masomo, fedha na tabia. Na baba asiwe mfano wa kile anachokikataza.

Iwapo mtoto amekwisha kunasa, tusimfukuze nyumbani. Anayefukuzwa hupokewa na maskani, na maskani haina dawa. Kuanza kwake ni kosa linalohitaji toba, lakini uraibu ni maradhi yanayohitaji tiba, na moja haliondoi jingine. Kwa walioathirika na heroini, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikitoa tiba ya methadoni tangu mwaka 2011. Na ubongo unaojengeka, kama unavyojifunza mabaya upesi, una nafasi kubwa ya kujifunza upya.

Kuhifadhi akili ni miongoni mwa makusudio makuu matano ya sheria yetu. Yatima tunamtunzia mali hadi apate rushdi. Mtoto wetu tumtunzie akili yake hadi aweze kuitunza mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.