Bandu bandu, siku 168

Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam, mwaka wa 22 sasa. Mtu wa kazi yangu akikohoa haulizwi. Vumbi la mbao linaingia puani, linakaa kooni, na jioni ukitema mate yana rangi ya mninga. Kwa hiyo mwaka 2016 nilipoanza kukohoa, mimi na wenzangu wote pale karakana tulikubaliana kuwa ni vumbi. Nikanunua dawa ya kikohozi dukani, nikamaliza chupa, nikanunua nyingine. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia. Nilikuwa na methali yangu ya kujituliza, subira yavuta heri, na kila usiku nilipoamka fulana imelowa jasho niliirudia.

Methali haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeshika isiyo ya wakati ule. Wazee wametuachia subira yavuta heri, wakatuachia pia usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawakutuambia ipi ni ya siku gani. Hilo linamtaka mtu mwenye macho. Mwenye macho kwangu alikuwa shangazi yangu, aliyekuja kutoka Korogwe kwa ajili ya harusi ya binti wa ndugu yetu, akalala kwangu usiku mmoja tu na kunisikia.

Asubuhi nikamwamkia. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Ni vumbi tu la mbao."

"Nimekuuliza muda."

"Miezi miwili."

Akajifunga kanga yake kiunoni. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa viatu twende."

Kwenye kituo cha afya nilipewa kikopo cha makohozi. Majibu yalikuwa kifua kikuu. Mizani ilisema kilo 52, mimi niliyezoea kuwa na 66. Muuguzi alinieleza polepole: siku 56 za kwanza nitameza kila asubuhi vidonge vitatu, kulingana na uzito wangu, na kila kidonge kina dawa nne ndani yake. Kisha siku 112 za dawa mbili. Jumla siku 168, bila malipo. Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, nisiogope. Na lazima awepo msimamizi, mtu wa kuniona kwa macho yake nikimeza, halafu atie alama kwenye kadi.

Nilihesabu zile siku kichwani nikahisi magoti yananiishia. Shangazi ndiye aliyeichukua kadi. Akaigeuza, akavitazama vile vyumba vitupu mstari kwa mstari, akasema, "Bandu bandu huisha gogo." Hakurudi Korogwe wiki ile, wala mwezi ule.

Nimeisikia methali ile tangu darasa la tatu, lakini nadhani watu wengi wanaoisema leo hawajawahi kushika shoka. Bandu ni kile kibanzi kinachoruka shoka linapopiga. Ukikiokota ni kidogo kama kiganja cha mtoto, chepesi, na gogo ulilolipiga halionyeshi kuwa limepungua. Unapiga tena. Nusu saa nzima unaweza usione mabadiliko yoyote isipokuwa vibanzi miguuni pako. Aliyeitunga methali hii aliijua kazi, ndiyo maana alisema bandu mara mbili kabla ya kulifikia gogo.

Ziangalie nyingine. Mchumia juani hulia kivulini: jua kwanza, kivuli baadaye. Mvumilivu hula mbivu: kabla ya tunda kuna kungoja. Haba na haba hujaza kibaba. Ahadi zimo, tena kubwa, na wazee hawakutunyima tumaini hata kidogo. Lakini kila ahadi imetangulizwa na bei yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maneno tunayouziwa siku hizi kwenye redio na kumbi za mikutano. Fikiri chanya. Jione umeshafika. Kiri ushindi. Ahadi imebaki, bei imeondolewa, na kwa mgonjwa hilo ni jambo la hatari. Nasema hivyo kwa sababu lingeweza kuniua.

Wiki ya sita nilikuwa nimepona kabisa, kwa jinsi nilivyojisikia. Jasho la usiku limekwisha, kilo zimeanza kurudi, nimerudi kushika randa. Shangazi akaondoka siku nne kwenda kuzika Korogwe. Rafiki yangu, kwa nia njema, akanipeleka kumsikiliza msemaji mmoja ambaye watu walimsifu sana. Yule bwana alituambia kwamba maradhi hukaa kwa anayeyakubali, na kwamba anayejihesabu mzima huwa mzima. Nilitoka pale nimejaa furaha ya kweli. Siku tatu sikumeza kitu. Vidonge niliviweka kwenye kopo la misumari.

Shangazi aliporudi alitazama kadi kabla hajavua viatu. Vyumba vitatu vitupu. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Mteja akikuagiza kitanda, ukakipigilia chaga tano tu, kikasimama vizuri, kikapendeza, utamkabidhi?"

"Hapana."

"Kwa nini, na kimesimama?"

"Akilala kitaanguka, shangazi."

"Haya. Lete maji."

Kesho yake tulikwenda kukiri kosa kituoni. Muuguzi alinieleza kwamba dawa huua kwanza wale vijidudu wanaozaliana kwa kasi, ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu mapema. Wanabaki wachache waliotulia kama wamelala. Ukiacha njiani wanaamka, na wanaweza kuamka na usugu, ambapo dawa zile hazifui dafu tena. Nafuu yangu ilikuwa ya kweli, ila haikuwa kupona.

Alinieleza pia jambo ambalo nimelithamini tangu siku ile: utaratibu niliokuwa nikitibiwa nao ulikomaa hapa hapa Tanzania. Baadaye nilijisomea. Mpango wetu wa Taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na aliyesaidia kuujenga ni daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Zamani tiba ilichukua mwaka na zaidi. Hapa ikafupishwa hadi miezi minane, na siku hizi ni sita. Kila mgonjwa aliandikwa rejistani, akafuatiliwa, na matokeo yake yakahesabiwa kila robo mwaka. Shirika la Afya Duniani, lililotangaza mwaka 1993 kuwa kifua kikuu ni dharura ya dunia, liliuchukua utaratibu huo na kuupeleka nchi nyingine. Mtu aliyetoka Mauthausen akiwa hai, mapafu yakiwa na ugonjwa, alikuwa na haki ya kuhubiri tumaini. Yeye alianzisha daftari.

Sisemi kwamba fikra njema hazina kazi. Siku ya 119, mvua inanyesha, tumbo linasokota, unajisikia mzima kama mtu mwingine yeyote, hakuna kinachokuamsha kumeza isipokuwa kuamini kwamba siku ya 168 ipo na wewe utakuwepo. Imani hiyo niliihitaji kama nilivyohitaji vidonge. Ninachoomba ni kwamba tunapokwenda kumwona mgonjwa, au mtu aliyefilisika, au mama aliyefiwa, tusimwachie neno zuri na kuondoka. Shangazi hakusema bandu bandu akaenda zake kituo cha mabasi. Alibaki na kadi mkononi.

Na yapo maneno ya wazee tunayoyatumia vibaya zaidi ya nilivyofanya mimi. Mwanamke anapigwa ndani ya nyumba, anaambiwa mvumilivu hula mbivu. Hakuna mbivu pale. Anayemwambia hivyo amekopa kauli ya mkulima anayesubiri tunda la mti alioupanda mwenyewe, akamfungia nayo mtu mlango.

Shangazi alifariki mwaka juzi. Kadi yangu iko kwenye sanduku la vifaa, chini ya patasi, alama zote zimo pamoja na vile vyumba vitatu ambavyo hakukubali nivijaze.

Mwezi uliopita kijana ninayemfundisha kazi alianza kukohoa. Wenzake wakasema ni vumbi. Nilingoja wiki mbili ziishe, nikamwambia avae viatu. Ameniruhusu niandike habari hii bila jina lake. Anafika saa moja kasorobo, kabla mashine hazijawashwa, anamimina maji kwenye kikombe changu cha bati, anameza nikimtazama. Leo asubuhi tumetia alama ya 11.