Mbona Story ya Dem Akiongea Kuhusu Mwili Wake Inakunyima Usingizi Hapo Ngoingwa?

Hebu tuwe wakweli kidogo. Umetoka job Nairobi, 237 imekushukisha Thika, boda imekufikisha Ngoingwa, umefunga mlango wa keja na maji ya ugali ndio yanaanza kuchemka. Beshte yako amekutumia insha ndefu ya dem fulani anaelezea vile alipendwa, vile aliachwa, na vile ngozi yake bado inakumbuka mkono wa huyo msee hata baada ya kichwa kumsahau. Hakuna picha, hakuna video, ni maneno matupu. Na wewe, mtu hujawahi maliza kusoma mesej ya landlord yenye mistari mitatu, unaisoma hiyo yote mpaka chini. Maji yanakauka kwa sufuria.

Jibu la haraka ambalo utapewa na kila mtu ni kwamba huo ni uchafu, na watu hupenda uchafu. Hilo jibu halishiki. Msee anayetaka uchafu ana simu, na simu inampa picha za kila aina kwa sekunde mbili bila kumsumbua na kusoma. Angetaka nini na insha? Hakuna mtu husoma aya ishirini kuhusu harufu ya shati ya ex ndio aone nyama. Kuna kitu kingine hapo.

Kwanza, nani anaongea. Uliza mbuyu wako kuhusu David Maillu. Miaka ya 70 vitabu vyake vidogo vilikuwa vinauzwa Nairobi kama mahindi choma, na After 4:30, iliyotoka 1974, ilikuwa ya masekretari na mabosi wao baada ya saa za kazi. Tanzania ilipiga vitabu vyake marufuku. Kabla yake kulikuwa na Charles Mangua na Son of Woman, 1971. Ilikuwa moto, ilikuwa inachekesha, na wazee wetu waliificha chini ya godoro. Lakini angalia vizuri: hata pale mwanamke anapoongea kwa Maillu, ni mwanaume ameshika kalamu. Anasema vile mwanaume anadhani angesema. Asubuhi ukiwa kwa mat inayopitia Juja, ukimsikiza Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i, wanawake wanapiga simu wanasema ya chumbani, sawa, lakini wana dakika moja tu na wamezungukwa na kicheko. Unacheka nao, unashuka stage, umesahau.

Insha haiko hivyo. Mwandishi ako na muda. Anaweza kukuambia kwamba alimtaka huyo jamaa, kisha aya inayofuata akakuambia hakuwa na uhakika, kisha akakuambia alienda kanisa hiyo Jumapili na akaimba vizuri kuliko siku zote. Hivyo vitu vitatu vikikaa pamoja ndio vinakushika, juu wewe pia uko hivyo na hakuna mtu amewahi kukubali mbele yako. Shuleni ulifundishwa mbegu, yai na magonjwa. Kanisani ulifundishwa "subiri". Mtaani ulifundishwa kujigamba. Hakuna mahali ulifundishwa kwamba mtu anaweza kutamani na kuogopa kwa dakika ile ile.

Na kwa nini nasema Ngoingwa? Kwa sababu kitabu kilichofanya jina la Thika lijulikane dunia nzima ni kumbukumbu za mwanamke. Elspeth Huxley aliandika The Flame Trees of Thika mwaka 1959, akikumbuka vile wazazi wake walikuja kulima hapa kabla ya Vita Vya Kwanza vya Dunia akiwa mtoto mdogo. 1981 ikawa mfululizo wa runinga. Watu husema ni kitabu cha maua na ng'ombe, lakini ukikisoma utapata mke wa mtu anampenda mwanaume mwingine, na mtoto anachungulia watu wazima bila kuelewa kila kitu. Mapenzi yako hapo, ila yamefunikwa. Na wale Wakikuyu ambao ardhi ilikuwa yao ni wafanyakazi wa nyuma ya pazia. Hakuna aliyewauliza wanawake wao walihisi nini usiku. Hiyo ni nusu ya story ya hii mtaa, imeandikwa na mgeni.

Nusu ingine iliandikwa na jirani. Ukitoka Ngoingwa ufuate barabara ya Mang'u unaenda kutokea Gatundu, nyumbani kwa Jomo Kenyatta. Yeye 1938, akiwa London, alitoa Facing Mount Kenya, na ndani yake alieleza ngwiko waziwazi: vijana waliotahiriwa waliruhusiwa kulala pamoja na kupapasana, nguo ya msichana ikiwa imefungwa, na kulikuwa na sheria kali za mahali pa kuishia. Wamishenari wakaita hiyo dhambi. Kwa hivyo yule mzee anayekuambia "sisi Waafrika hatuongeangi hivi vitu" anakuuzia historia feki. Tulikuwa tunaongea, na kulikuwa na watu wa kufundisha. Pwani mwali bado ana somo wake na kungwi wake. Uganda, Waganda wana ssenga, shangazi anayemkalisha msichana chini na kumwambia kila kitu bila kupepesa macho. Lakini usijazwe hewa na hiyo ya zamani pia. Kitabu hicho hicho cha Kenyatta kinatetea kukeketwa kwa wasichana, na hapo tena ni mwanaume anaelezea mwili ambao si wake.

Sasa ukitaka kuona bei ya mwanamke kujisemea, usiende mbali, baki Kiambu. Wambui Otieno, yule wa kesi ya mazishi ya S.M. Otieno 1987, alitoa kitabu cha maisha yake 1998, Mau Mau's Daughter. Humo aliandika kwamba akiwa kizuizini Lamu alibakwa na afisa wa kikoloni. Fikiria uzito wa hiyo: mama mzima, anajulikana nchi nzima, anaandika hiyo kitu na jina lake juu ya kitabu, wakati wengi wa rika lake walikufa nayo kifuani. Halafu 2003, akiwa na miaka 67, akaolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 35. Nchi ikapasuka. Magazeti, mahubiri, vichekesho vya matatu, kila mtu alikuwa na maoni kuhusu kitanda cha nyanya ya wenyewe. Wazee wangapi matajiri wa hapa Thika wameoa wasichana wa rika la wajukuu wao, na hakuna hata mchungaji mmoja amekohoa? Wambui aliishi na bwanake hadi alipofariki 2011. Mimi nadhani hasira ile yote ilikuwa na sababu moja: mwanamke wa umri wake alionyesha wazi kwamba bado anataka.

Mwingine unayefaa kumjua ni Stella Nyanzi wa Uganda. Huyu ni daktari wa utafiti, alisomea London, kazi yake ilikuwa kuchunguza mambo ya mapenzi na mwili. Kabla siasa hazijamfanya maarufu alikuwa anaandika Facebook vipande virefu kuhusu mwili wake, tamaa zake, watoto wake na wazazi aliowazika, kwa lugha ambayo hata sisi hapa tungeifuta mara mbili kabla ya kuichapisha. Watu walimfuata kwa hiyo lugha. Kisha lugha ile ile akaielekeza Ikulu. 2017, serikali ilipokosa pesa za sodo za wasichana wa shule kama ilivyokuwa imeahidi, Nyanzi alianza mchango wa sodo na akamwita Rais Museveni matako. Akalala Luzira siku 33. Mwaka uliofuata akaandika shairi kuhusu rais na uke wa marehemu mama yake, akakamatwa tena, na Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Mahakama kuu ilimwachilia Februari 2020. Akiwa ndani aliandika mashairi yaliyotoka kama kitabu mwaka huo huo. 2021 alikimbilia Kenya, 2022 akaenda Ujerumani.

Unaweza kusema matusi ni matusi, na kuna siku nimesoma Nyanzi nikafunga simu. Lakini ona kitu kimoja: askari hawakuja wakati alikuwa anaandika kuhusu chupi zake. Walikuja wakati wasomaji waliomzoea kwa chupi walianza kumsikiza kuhusu serikali. Mwandishi aliyekuambia siri yake ya ndani kabisa na hakukudanganya, siku akikuambia kwamba kiongozi wako ni mwizi, utamwamini haraka kuliko gazeti. Na sisi tusijione: sheria yetu ya makosa ya mitandao ya 2018, kifungu cha 27, ina faini ya hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 jela kwa kile inaita unyanyasaji wa mtandaoni.

Ile bei ingine hailipwi kortini. Januari 2024 wasichana wawili waliuawa ndani ya siku chache kwenye nyumba za kukodisha za muda mfupi, mmoja South B, mwingine upande wa Roysambu, hapo tu Thika Road unapitaga kila siku. Unakumbuka swali la kwanza la wasee wengi? "Alienda huko kufanya nini?" Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine. Hilo swali ndilo hizi insha zinajibu kila wiki bila kuulizwa. Alienda juu alimpenda. Alienda juu alikuwa mpweke. Alienda juu alitaka, na kutaka si kosa la kufa. Mwanaume wa Ngoingwa aliyesoma story kumi za hivyo mpaka mwisho ana kazi ngumu zaidi kuuliza hilo swali kwa sauti ya dharau.

Si kila kitu kinachoandikwa na dem kuhusu kitanda ni kizuri, lakini. Nyingi ni udaku uliovaa perfume. Njia ya kupima ni rahisi: kama kwa story yake yeye ni mshindi kila mara na wanaume wote ni mbwa, hiyo ni tangazo. Mwandishi mkali anajiweka mezani pia, na vile alidanganya, vile alirudi kwa mtu ambaye beshte zake walimwambia aachane naye.

Pia kuna yule jamaa aliye ndani ya story. Hakuulizwa. Picha zake za uchi zikisambazwa, kifungu cha 37 cha ile sheria kinamlinda, ni hadi shilingi 200,000 au miaka miwili. Alama kwenye bega lake na vile analia akilala, hicho kifungu hakigusi hapo. Waandishi wazuri hubadilisha jina, kazi na mtaa. Wavivu hubadilisha jina tu, wanaacha Probox nyeupe na kale kambwa kenye jicho moja, na ikifika Jumatatu stage yote inajua ni nani.