Asiye Mwana wa Mhunzi Atavukuta Wapi?

Kila mwaka, wiki chache kabla ya likizo ndefu, hutia saini barua nyingi za utambulisho. Ni barua fupi. Zinaeleza kwamba mtajwa ni mwanafunzi wetu wa sheria, kwamba masomo yake yanamtaka afanye mafunzo kwa vitendo, na kwamba chuo kitashukuru akipokewa. Mhuri hugongwa, mwanafunzi hutoa nakala, huzitia katika bahasha za kaki na kuondoka. Barua zote zinafanana. Zinapoishia ndipo penye tofauti.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa mwaka wa pili alichukua kwangu nakala kumi na tisa. Wazazi wake ni wakulima, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuingia ofisi ya wakili isipokuwa kwa shida. Alizigawa kwa miguu, kutoka Posta hadi Upanga, kutoka Upanga hadi Kariakoo, akipanda daladala pale tu jua lilipomshinda. Wiki hiyohiyo rafiki yangu alinipigia simu kuhusu binti yake, naye ni mwanafunzi wetu. Nikampigia mtu niliyesoma naye, ambaye sasa ni mshirika katika ofisi moja ya mawakili. Mazungumzo hayakuzidi dakika tano, na nusu yake tulikumbushana mambo ya bwenini. Jumatatu yake binti alianza kazi.

Baada ya majuma matatu yule kijana alikuja kuniaga. Alikuwa ameamua kurudi wilayani kwao akaombe nafasi katika Mahakama ya Mwanzo. Akanitajia baadhi ya ofisi zilizomkatalia. Mojawapo ilikuwa ileile niliyoipigia simu. Alikuwa amepeleka barua yake siku kumi kabla ya simu yangu, akajibiwa kuwa nafasi zimejaa. Alisema hayo bila kinyongo, kwa kuwa hakujua. Nilimtakia safari njema. Sikumwambia kitu kuhusu simu.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Asipofua chuma, atapuliza moto. Kwa vyovyote atakuwa karibu na kazi, ataona nyundo inavyoshikwa, na siku moja ataishika. Methali hii huisifu malezi ya ufundi, nami sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni swali ambalo haikulijibu: asiye mwana wa mhunzi atavukuta wapi?

Swali hili halikuwasumbua sana waliotutangulia. Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14. Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa na uhaba mkubwa wa wanasheria wazalendo, na kazi ndiyo iliyokuwa ikiwatafuta wasomi. Leo vyuo vinavyotoa shahada ya sheria ni vingi, ofisi zinazoweza kumpokea mwanafunzi hazijaongezeka kwa kasi hiyo, na palipo na uhaba bila utaratibu, kujuana huwa ndiyo utaratibu.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo. Majuma manane ya kubeba majalada na kutoa nakala yana uzito gani? Yana uzito mkubwa kuliko tunavyokiri. Mwanafunzi aliyepata ofisi nzuri katika mwaka wa pili ataandika jambo la maana katika wasifu wake. Wakili aliyemsimamia atamwandikia barua ya kumpendekeza. Mwaka unaofuata ataomba kwingine, na barua yake itasomwa kwa sababu ya ile ya kwanza. Aliyekosa mwanzo hukosa tena kwa kuwa alikosa mwanzo. Hatimaye wote wawili hukutana mbele ya meza moja ya usaili, tukashangaa mmoja anavyojieleza kwa ufasaha na mwenzake anavyobabaika, tukadhani tumepima akili zao.

Tukumbuke pia kwamba safari haiishii kwenye shahada. Anayetaka kuwa wakili hupitia Shule ya Sheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Mwezi Oktoba 2022 matokeo ya shule hiyo yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 waliotajwa, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na waliofeli 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Wengine walivilaumu vyuo, wengine lugha ya Kiingereza, wengine ukali wa mitihani. Yote hayo yalistahili kujadiliwa. Lakini katika kelele zile ni wachache waliouliza ni wangapi kati ya vijana wale waliwahi, kabla ya siku hiyo, kumwona wakili akimhoji mteja, akirekebisha hati ya madai, au akiomba shauri liahirishwe. Tulikuwa tukiwapima watu katika uhunzi, na baadhi yao hawakuwahi kuusogelea moto.

Gharama nayo huchuja kimyakimya. Bodi ya Mikopo hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, jambo la kushukuru. Asiye na mkopo hujitegemea. Ofisi nyingi hazimlipi mwanafunzi hata nauli, na nyingi ziko katika miji mikubwa ambako chumba, chakula na usafiri vinamsubiri kila asubuhi. Anayekaa kwa wazazi wake Dar es Salaam anaweza kufanya kazi bure miezi miwili. Anayetoka Kibondo au Tunduru hana budi kuchagua kati ya mafunzo na chakula. Kisha tunasema nafasi ziko wazi kwa wote. Ziko wazi kama hoteli ya kifahari ilivyo wazi kwa kila mpita njia.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wanafunzi wa kike huniambia mlango ukiwa umefungwa. Nafasi ikitolewa kama fadhila, mtoaji huweza kudai malipo ya fadhila hiyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inafanya kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira au upendeleo. Kifungu hicho tunakifundisha darasani, halafu tunamtuma binti wa miaka ishirini na mmoja na bahasha ya kaki katika mazingira yasiyo na tangazo, yasiyo na fomu, yasiyo na kumbukumbu ya nani aliomba na kwa nini alikataliwa. Utaratibu ulioandikwa hauwezi kuizuia kila hila. Hata hivyo, hila hustawi zaidi pale ambapo hakuna kilichoandikwa.

Nimewasikiliza mawakili, na hoja zao si za kupuuza. Ofisi nyingi ni za wakili mmoja au wawili na karani. Mwanafunzi huchukua muda wa mkubwa wake, huenda akapoteza jalada, na siri za mteja si za kuwekwa mbele ya kila mgeni. Wakili mmoja aliniambia: "Mwalimu, nikimpokea mtoto wa mtu ninayemjua, akikosea najua wa kumwambia." Hoja hiyo ina ukweli ndani yake: dhamana inatafutwa. Lakini kama ni dhamana, chuo kinaweza kuitoa. Tuandike ahadi ya kutunza siri, mwanafunzi aitie saini, nasi tubebe wajibu wa kumwajibisha. Ubini wa mtu haukuwahi kuwa kiapo cha kutunza siri.

Wenzetu wanatafuta njia zao. Kenya, anayetaka kuwa wakili hukaa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano. Kipindi hicho kimeandikwa na kina msimamizi anayejulikana, ingawa suala la malipo yao bado linalalamikiwa. Uingereza, tangu Septemba 2021, miaka miwili ya uzoefu inayodaiwa kwa mawakili wa kundi linaloitwa solicitors inaweza kukusanywa katika sehemu hadi nne, na kazi ya kituo cha msaada wa kisheria cha chuo huweza kuhesabiwa. Sisemi tuige. Ninachokiona hapo ni kanuni moja: uzoefu hupimwa kwa kazi iliyofanyika, si kwa hadhi ya mlango ilipofanyikia.

Kanuni hiyo inanirudisha kwa yule kijana. Alikaa wiki nane katika Mahakama ya Mwanzo, akarudi na daftari la kurasa mia lililojaa. Aliandika jinsi mama mmoja mjane alivyorudishwa mara tatu katika shauri la mirathi, mara ya kwanza kwa kukosa muhtasari wa kikao cha ukoo, mara ya pili kwa kuwa jina la marehemu katika cheti lilitofautiana herufi moja na la kwenye hati ya kiwanja, mara ya tatu kwa kuwa karani alikuwa safarini. Aliandika maneno ambayo wananchi huyatumia kueleza madai yao, na alivyojifunza kuyapanga yawe hoja. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini wengi wetu tunafundisha kwa Kiingereza; kijana huyu alikuwa amejifunza kule jambo ambalo mimi sikuweza kumfundisha. Binti wa rafiki yangu, ambaye ni mwanafunzi mwema na hana kosa lolote katika habari hii, aliniambia kuwa muda mwingi alikuwa akipanga majalada na kupeleka barua. Lakini walipoomba nafasi mwaka uliofuata, ofisi zilisoma jina la ile kampuni ya mawakili na kuliheshimu. "Mahakama ya Mwanzo" hawakuona sababu ya kuisoma mara mbili.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila kusubiri bajeti kubwa.

Kwanza, ofisi za umma zinazopokea wanafunzi, yaani mahakama, halmashauri, ofisi za mashtaka na vitengo vya sheria vya wizara, zitangaze idadi ya nafasi, tarehe ya mwisho na vigezo, na zijibu kila barua. Ndugu watumishi wa umma, nafasi hizo ni mali ya umma kama gari na karatasi za ofisi. Pili, vyuo viache kumgeuza mwanafunzi kuwa mtembeza bahasha. Tuwe na orodha ya ofisi zilizokubali, na ugawaji ufanyike wazi, ukizingatia mahali anapoweza kuishi. Tatu, chama cha mawakili kihimize wanachama wake walipe walau nauli na chakula cha mchana. Nne, kazi katika mahakama za chini na katika vituo vya msaada wa kisheria, ambavyo vinatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, ihesabiwe kwa uzito sawa na kazi ya ofisi za ghorofani, mradi kuna msimamizi na daftari la kazi lililosainiwa.

Kwenu wanafunzi, nina neno la mwalimu. Ombeni mapema, miezi mitatu kabla. Msiandike barua moja na kubadili anwani tu. Semeni kwa nini mnaiomba ofisi ile na mnaweza kufanya kazi gani siku ya kwanza. Tunzeni kumbukumbu ya tarehe na ya mtu aliyepokea barua. Mkipata nafasi isiyo na jina kubwa, msiidharau: andikeni kila siku mlichokiona. Na mkidaiwa kisichodaiwa kisheria, semeni mapema, nasi walimu tuwe watu wa kuambiwa.

Kwa upande wangu, nimeamua jambo dogo. Sipigi tena simu kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Rafiki akiniambia ana nafasi, namwomba aiandike, nami naibandika kwenye ubao wa matangazo ili aisome kila mtu. Uamuzi huu umenigharimu. Yule rafiki mwenye binti aliniomba tena, safari hii kwa ajili ya mdogo wake, nikamweleza kuhusu ubao. Hakufurahi. Yule mwenzangu wa bwenini naye alicheka, kisha akatuma tangazo la mistari mitatu. Waliomba watu thelathini na wanne kwa nafasi mbili.

Thelathini na wawili walikosa, na sina la kuwafariji. Lakini wote walijua kwamba nafasi ilikuwapo. Yule kijana hakuwahi kujua. Sasa ni mhitimu, na kama anasoma haya, basi amejua leo, na ananidai maelezo ambayo nilipaswa kumpa siku ile alipokuja kuniaga.