Nyuso za Ukutani: Jioni Moja katika Uwanja Mkuu wa Salamanca

Mwenyeji wangu, mhadhiri mwenzangu aliyenialika Salamanca kwa semina ya siku tatu, aliniambia tukutane "chini ya saa". Sikuhitaji kuuliza ni saa ipi. Mji mzima wa Salamanca hukutana chini ya saa moja, ile iliyo juu ya jengo la manispaa, upande wa kaskazini wa Uwanja Mkuu. Nilifika mapema, nikawa miongoni mwa watu kama arobaini waliosimama wakimsubiri mtu.

Niliwahi kuuona uwanja huu katika picha, na picha haziutendei haki. Jiwe lake ni lile la mchanga la Villamayor, lenye rangi ya asali, na jua linapozama hufanana na kitu kilichowashwa kutoka ndani. Ujenzi ulianza mwaka 1729 kwa ramani ya Alberto de Churriguera, ukamalizika mwaka 1755 chini ya Andrés García de Quiñones. Matao yake ni 88, na juu ya matao hayo kuna ghorofa tatu za roshani. Mtu huudhania kuwa mraba kamili, kumbe pande zake hazilingani. Chini ya matao hayo mwana wa pwani hawezi kujizuia kulitafuta neno baraza: kivuli, biashara, wazee waliokaa, habari zinazopita kinywa hadi kinywa. Tofauti ni kwamba viti vingi hapa ni vya mikahawa, na anayeketi sharti anunue. Wanafunzi wameutatua mgogoro huo bila kamati wala waraka. Huketi sakafuni, katikati ya uwanja, makundi kwa makundi, na hakuna anayewainua.

Lakini nilichokwenda kukitazama ni kuta. Kati ya tao na tao kumechongwa miduara ya mawe, na ndani ya kila mduara mna kichwa cha mtu. Wafalme wana upande wao. Mashujaa wa vita na watekaji wa nchi za watu wana wao: Columbus yupo, Cortés yupo, Pizarro yupo, wote wakiwatazama wanywaji wa kahawa kwa utulivu wa watu wasiodaiwa. Nilimtumia mwanafunzi wangu mmoja picha ya Cortés. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, huyu bado yuko kazini?" Nilicheka, kisha nikaona ni swali la haki.

Maana si kila uso umebaki kazini. Mwaka 1937, wakati Salamanca ilipokuwa makao makuu ya Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, uso wake nao ulichongwa hapa, yeye akiwa hai na vita havijaisha. Ulikaa ukutani miaka 80. Mara kwa mara ulirushiwa rangi usiku, na mara kwa mara ukasafishwa kwa fedha za walipa kodi. Sheria ya Kumbukumbu ya Kihistoria, iliyozitaka mamlaka za umma kuondoa alama za kuutukuza utawala wake, ilipitishwa mwaka 2007. Uso ukaondolewa Juni 2017. Kati ya sheria na patasi ilipita miaka kumi. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaijua miaka kumi ya namna hiyo: faili linapanda, linashuka, linaombewa maoni ya kitaalamu, linasubiri uchaguzi upite. Waliopinga walisema uwanja ni urithi na urithi hauguswi. Hoja hiyo ningeiheshimu zaidi kama uso wenyewe ungalikuwa wa 1755. Huu uliongezwa na mwenye madaraka kwa faida ya madaraka yake, na kilichoongezwa kwa amri hakigeuki kuwa kitakatifu kwa sababu tu kimepigwa jua muda mrefu.

Mambo haya si mageni kwetu. Sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeyazima mapambano ya Abushiri, Wajerumani waliisimamisha Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza walipouteka mji waliing'oa, wala si kwa huruma yao kwa watu wa Pangani, ni kwa kuwa Mjerumani alishindwa. Ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, na huko ikasimama hadi wanafunzi walipoiangusha kwa kamba mwaka 1968. Wapiganaji wa Pangani walikuwa wameonewa na mtu huyo takriban miaka 80 kabla. Naitaja kwa sababu watu husema kwamba sanamu ni mawe tu. Mawe tu hayasafirishwi baharini.

Hata hivyo, uso ulionikalisha muda mrefu ni wa Miguel de Unamuno, ambaye naye leo amechongwa uwanjani. Tarehe 14 Aprili 1931, mwanafalsafa huyu alisimama katika roshani ya jengo hilihili la manispaa, chini ya saa hiihii, akaitangaza Jamhuri mbele ya umati. Miaka mitano baadaye akaiacha mkono, akaunga mkono uasi wa majenerali kwa imani kwamba wangerudisha utaratibu. Serikali ya Jamhuri ikamvua uongozi wa chuo kikuu, waasi wakamrudishia. Hakuwa malaika, na wanaomfanya malaika wanatunyima fundisho lake.

Kisha wakaanza kuwakamata marafiki zake. Tarehe 12 Oktoba 1936, siku ya kumwadhimisha Columbus, ilifanyika sherehe katika ukumbi wa chuo kikuu, mke wa Franco akiwa jukwaani. Wasemaji waliwatukana Wabaski na Wakatalani. Unamuno, aliyekuwa mwenyekiti wa sherehe, alikuwa na bahasha mfukoni: barua ya mke wa mchungaji wa Kiprotestanti aliyefungwa, Atilano Coco, akiomba mumewe aombewe. Nyuma ya bahasha hiyo aliandika vijineno vichache, akasimama, akawapinga mbele ya Jenerali Millán-Astray na askari wake. Hotuba inayonukuliwa dunia nzima iliandikwa baadaye, mwaka 1941, na Luis Portillo, ambaye hakuwapo ukumbini. Kwa hiyo sitainukuu. Bahasha inanitosha.

Kilichofuata ndicho ambacho sisi wahadhiri hatupendi kukisimulia. Siku iliyofuata madiwani walikutana katika jengo hili la uwanjani, wakamfuta udiwani. Baada yao baraza la chuo kikuu, yaani wenzake, watu aliosoma nao vitabu na kunywa nao kahawa, wakaomba aondolewe. Hawakushikiwa bunduki mezani. Walikuwa na mishahara, watoto, na ajenda iliyoandikwa vizuri. Franco alitia sahihi tu. Coco aliuawa Desemba, na Unamuno akafia nyumbani kwake, chini ya ulinzi, siku ya mwisho ya mwaka huo.

Nimekaa katika vikao vya vyuo kwa miaka mingi. Najua jinsi mwenzetu anavyoondolewa: hakuna anayepaza sauti, mwenyekiti anauliza kama kuna maoni, watu wanaangalia karatasi zao. Niliwahi kukaa katika kikao kimoja cha aina hiyo, chuo sitakitaja, nikaangalia karatasi yangu. Aliyejadiliwa siku ile hafundishi tena.

Mwenyeji wangu alipofika alinikuta nimeinua shingo. Alinionyesha roshani ya 1931, kisha madirisha yaliyo nyuma yake. Nilimuuliza kama majina ya madiwani waliopiga kura ile yamechongwa mahali popote. Akatabasamu, akasema kumbukumbu za vikao zipo, kila mwenye haja anaweza kuomba kuzisoma, na waombaji si wengi. Saa juu yetu ikagonga tisa usiku wa kizungu, yaani saa tatu yetu, na wanafunzi waliokuwa sakafuni wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi.